Kabla Hujatuma Hela ya Safari, Njoo Tuongee

Mdogo wangu, vuta kiti ukae. Meseji zenu za msimu huu wa likizo nimezisoma, na kilio ni kilekile ingawa kila mmoja analia kwa sauti yake. Huyu kaona picha ya ufukwe mtandaoni, akatuma hela ya chumba kwa namba ya simu, na sasa namba haipatikani. Yule kashuka stendi usiku katika mji asioujua, kwa sababu maelezo aliyoyafuata yaliandikwa miaka mingi nyuma. Na yupo ambaye hata hajatoka nyumbani. Anakesha na simu akitazama safari za wenzake, hadi anajiona yeye peke yake ndiye maisha yamempita.

Msione haya. Mambo kama hayo yanawapata wengi, wasomi kwa wasiosoma, na kutamani kutembea hakuna ubaya wowote. Wazee walisema tembea uone; hawakusema utembee ukiwa tajiri. Ninachowagombeza ni kimoja tu: mnamwamini anayewafurahisha macho, mnamruka anayewaambia ukweli. Mtandaoni wapo watu wema kabisa wanaoandika safari zao kwa moyo, na kuzisoma ni bure. Wapo pia wanaouza maneno matamu. Leo nataka niwaonyeshe namna ya kuwatofautisha, halafu niwatajie wachache ninaowasoma na kuwaamini.

Shika hili kwanza, na nitalirudia mpaka likuingie: mwandishi wa safari wa kuaminika ni yule anayekuambia kero, na anayekuambia alikutana nayo lini. Dalali akikuonyesha chumba cha kupanga atasifia marumaru na dirisha kubwa. Kama maji yanatoka mara moja kwa wiki, hilo utalisikia kwa mpangaji. Basi mtandaoni nako mtafute mpangaji, dalali atakutafuta mwenyewe.

Chukua Zanzibar, maana meseji nyingi zinahusu huko. Umeona picha ya Paje au Jambiani, bahari imejaa mpaka karibu na minazi, rangi yake inakutoa roho. Picha ni ya kweli, ila ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakipwa huenda mbali sana, na siku za bamvua ndiyo usiseme. Unaamka asubuhi unakuta bahari imekwenda zake. Mbele yako ni mchanga, madimbwi, na safu za vijiti vyenye kamba za mwani, na kina mama wameinama, kanga wamezifunga kiunoni, wanavuna. Mimi napenda mno kuwatazama. Lakini kama ulijinyima miezi ili ukaogelee asubuhi na mwanao, siku hiyo utanuna. Kule Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali hivyo na watu huogelea karibu siku nzima.

Aliyefika kweli atakuambia hayo mapema kabisa, na atakushauri utazame jedwali la maji kupwa na kujaa kabla hujachagua tarehe. Atakuambia kwamba ule mgahawa wa The Rock pale Michamvi Pingwe, uliokaa juu ya mwamba, maji yakipwa unaufikia kwa miguu na yakijaa unapelekwa kwa mashua. Atakuambia kwamba Mji Mkongwe si ufukweni, ukipita vichochoroni ujistiri, na mwezi wa Ramadhani usitegemee kula hadharani mchana. Anayekuandikia "pepo ya duniani" kuanzia mwanzo hadi mwisho hajakupa kitu cha kufungia mkoba.

Nimesema pia aseme lini, na hapa ndipo mnapoumia zaidi. Mabasi ya mikoani ya Dar es Salaam yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021, kwenye kituo kinachoitwa Magufuli. Mpaka leo zipo kurasa zinazomwelekeza mgeni Ubungo, naye anakwenda, na mizigo yake, alfajiri, basi linamwacha. Treni ya Madaraka ya Nairobi na Mombasa ilianza mwaka 2017, na nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700 za Kenya. Januari 2024 ikapandishwa hadi 1,500. Ukisoma mahali pameandikwa 700, jua mwandishi hakudanganya, ila alisafiri zamani, na wewe utafika dirishani na nusu ya nauli. Mwezi huohuo wa Januari 2024 Kenya iliacha utaratibu wake wa viza, ikaweka kibali cha kielektroniki wanachokiita eTA. Oktoba 2024 Zanzibar nayo ikaanza kuwadai wageni kutoka nje bima ya safari ya dola 44. Kwa hiyo yule shangazi yako mwenye pasipoti ya Uingereza anayekuja kusalimia asisome makala ya 2022 akajiona amekamilika.

Basi fanya hivi. Kila ukifungua ukurasa, macho yako yatafute tarehe kabla ya picha. Isipoonekana juu, tazama chini kabisa. Isipoonekana popote, pima kwa vitu vya ndani: nauli, jina la stendi, utaratibu wa viza. Google yenyewe ina mahali pa kuchuja matokeo yabaki ya mwaka mmoja uliopita tu; jifunze kuitumia, haigharimu kitu. Na kama ukurasa ni wa Kiingereza au Kifaransa na lugha inakupiga chenga, kivinjari kina kitufe cha kutafsiri. Tafsiri haitakuwa tamu, lakini nauli na majina ya stesheni utayapata.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna anayewaambia, na kinawaliza watu viwanja vya ndege. Uliza mwandishi ana pasipoti gani. Mmarekani akiandika kwamba alikwenda Ufaransa bila viza, amesema kweli: yeye huingia nchi za Schengen hadi siku 90 bila viza. Wewe Mtanzania, wewe Mkenya, unaomba viza, na tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni yuro 90, hairudi hata ukinyimwa. Makala haikuwa mbaya, haikuandikiwa wewe. Kwetu nako kuna neema zetu ambazo makala za Wazungu hazizitaji kwa sababu haziwahusu. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Hifadhi za taifa za Tanzania hutoza raia wa Afrika Mashariki kwa shilingi na wageni kwa dola, na tofauti ni kubwa sana. Wangapi wamesoma bei ya mgeni, wakafunga simu na kusema Serengeti si ya watu kama sisi? Mdogo wangu, ile bei haikuwa yako. Soma bei yako.

Sasa niwatajie watu. Kama safari yako ni ya treni, mahali popote duniani, anza na The Man in Seat 61. Ni kazi ya Mwingereza mmoja, Mark Smith, aliyewahi kufanya kazi za reli, na aliianzisha mwaka 2001. Jina limetokana na kiti alichopenda kukaa kwenye treni ya Eurostar. Mtu huyu anakuonyesha picha ya behewa ndani, kitanda kikiwa kimekunjwa na kikiwa kimekunjuliwa, ratiba, nauli, mahali pa kununua tiketi, na ukaribu wa stesheni na mji. Afrika Mashariki hakuisahau, TAZARA imo. Reli ile ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, na upande wa Tanzania inakatiza kwenye mbuga ambako abiria huona wanyama dirishani. Ukisoma vizuri utaambiwa pia kwamba treni hiyo inajulikana kwa kuchelewa, na zipo nyakati safari husimama kabisa. Umeona? Kero imetajwa. Ndiyo maana nakuambia umwamini, halafu bado upige simu stesheni kabla hujaomba likizo kazini.

Kama unataka kujua mji kwa ujumla, chakula chake, usafiri wake, mitaa ya kuepuka usiku, kuna Wikivoyage. Ni ndugu yake Wikipedia, inaendeshwa na taasisi hiyohiyo ya Wikimedia tangu 2013, inaandikwa na watu wa kujitolea na haina matangazo. Kwa kuwa haina tangazo, hakuna hoteli inayolipa ili usome sifa zake. Ila kwa kuwa ni ya kujitolea, miji mikubwa imeandikwa vizuri na miji midogo imeguswaguswa, basi usiitegemee peke yake. Uzuri wake mwingine, kuna programu iitwayo Kiwix inayokuwezesha kuipakua yote ukaisoma bila bando. Fanya hivyo ukiwa na Wi-Fi ya ofisini au ya chuo. Na ramani ya mji unaokwenda ipakue kabla ya kuondoka. Ukiwa njia panda, simu haina mtandao na jua linazama, ndipo utajua dada hakuwa na maneno mengi bure.

Mambo ya viza, vibali, viingilio na tiketi za treni usiyatafute kwa waandishi hata kama unawapenda. Nenda kwa mwenye mamlaka. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na go.tz, za Kenya go.ke, za Uganda go.ug, za Rwanda gov.rw. Yako matovuti yaliyovaa bendera na nembo, yanafanana na ya serikali kama pacha, na kazi yao ni kukutoza mara mbili au tatu kwa kibali ambacho ungekijaza mwenyewe. Mara nyingi yanajitokeza juu kabisa ya matokeo kwa sababu yamelipia tangazo. Kwa hiyo usibonyeze la kwanza kwa haraka. Shuka, soma herufi za mwisho za anwani, herufi moja moja. Tiketi za treni ya SGR ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, zinapatikana kwenye tovuti ya Shirika la Reli lenyewe. Za Madaraka kwenye tovuti ya Shirika la Reli la Kenya. Kitambulisho ulichokatia tiketi ndicho ukibebe siku ya safari.

Lakini shirika litakuuzia tiketi tu. Halitakuambia kwamba stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, zote mbali na katikati ya mji, hivyo uhesabu na nauli ya kufika hapo. Halitakuambia kwamba kabla ya kuingia utapanga mabegi kwenye mstari chini, mbwa wa usalama wapite kuyanusa, ndipo upite kwenye mashine. Ukifika dakika kumi kabla ya treni kuondoka, umeumia. Hayo utayapata kwa msafiri aliyeyapitia. Ndiyo maana unahitaji wote wawili: mwenye mamlaka akupe bei, msafiri akupe njia.

Turudi kwenye hela, maana hapa ndipo machozi yenu yalipo. Akaunti yenye picha nzuri na wafuasi wengi si ofisi. Wafuasi hununuliwa, picha huibwa. Kabla hujatuma hata shilingi, chukua ile picha ya chumba uitafute kwa picha kwenye Google Lens. Ukikuta chumba kilekile kinaitwa hoteli ya Bali na kingine kinaitwa hoteli ya Diani, funga simu ushukuru Mungu. Tafuta jina la hoteli kwenye ramani, piga namba ya mezani iliyoko pale, si ile uliyotumiwa kwenye meseji, uulize kama wana huyo wakala. Namba ya kulipia, iwe lipa namba au till, ikikuletea jina la mtu binafsi wakati uliambiwa ni kampuni, usimalizie namba ya siri. Na mtu akikuambia nafasi imebaki moja, tuma sasa hivi kabla ya saa sita, hapohapo ndipo uweke simu chini ukapike. Haraka haraka haina baraka, na kwenye safari haraka ya muuzaji ndiyo dalili ya kwanza.

Najua utasema, "Dada, lakini bei yao ilikuwa nusu." Ndiyo. Rahisi ni ghali. Ulipojiuliza kimoyomoyo kwa nini ni nusu, ulikuwa unajua jibu. Ulinyamazisha akili yako kwa sababu umeshaanza kujiona ufukweni. Nakuelewa kabisa. Moyo ukishafika mahali, ni kazi kuurudisha. Wala usijifungie ndani kwa aibu kama limekupata. Toa taarifa kwa mtandao wako wa simu mara moja, nenda polisi ukaandikishe, na umwambie shoga yako asije akaanguka palepale.

Mapitio ya hoteli na migahawa nayo yana namna yake ya kusomwa. Nyota tano nyingi zilizoandikwa wiki moja, kila moja maneno matatu, ni za kuombwa. Nyota moja mara nyingi ni hasira ya siku. Soma za nyota tatu. Mtu wa nyota tatu ametulia: atakuambia kitanda kizuri, chai nzuri, ila muziki wa baa ya jirani haukomi usiku wa Jumamosi. Huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Na wapo wanaolala bure ili waandike. Hoteli imempa kitanda, chakula na boti. Atasemaje kwamba shuka lilikuwa na madoa? Wengine ni waungwana, wanasema wazi kwamba wamedhaminiwa, na hao wasome ukijua hivyo. Siku hizi pia kuna makala zinazotungwa na mashine, hakuna mtu aliyekanyaga hapo. Utazitambuaje? Zimejaa sifa, hazina stendi. Chukua Lushoto. Aliyepanda Usambara atakutajia kwamba unaiacha barabara kuu pale Mombo, unapanda kona kwa kona kilomita 33 hivi, masikio yanaziba, na ukifika utataka sweta. Atakutajia Irente, unaposimama ukingoni unaona tambarare chini kabisa. Makala isiyotaja Mombo wala baridi, ikabaki na "mandhari ya kuvutia na wenyeji wakarimu", ingeweza kuwa ya mlima wowote duniani. Iache.

Sasa, si kila ukurasa wa safari ni wa kusafiria. Mwingine ni wa kufurahisha moyo tu, na hilo ni halali yako. Msome Jessica Nabongo, binti wa wazazi wa Uganda aliyezaliwa Detroit. Oktoba 2019 alitua Ushelisheli na kukamilisha nchi zote za dunia, na anatambulika kama mwanamke mweusi wa kwanza ambaye safari zake hizo zimethibitishwa kwa kumbukumbu. Anaandika kwa jina la The Catch Me If You Can, na kinachonigusa kwake ni kwamba anaeleza dunia inavyompokea mwanamke mwenye ngozi kama yetu, pale alipokumbatiwa na pale alipotazamwa vibaya. Mtazame Noraly Schoenmaker, Mholanzi aliyekuwa mwanajiolojia, anayezunguka dunia peke yake kwa pikipiki kwa jina la Itchy Boots tangu 2018. Utamwona amekwama topeni, amechoka, amesaidiwa na wanakijiji wasiojuana naye. Mtazame Wode Maya wa Ghana, anayewaonyesha Waafrika miji ya Afrika. Na siku ukiwa na fikra nzito, ingia Atlas Obscura, iliyoanza mwaka 2009, inayokusanya mahali pa ajabu pa dunia nzima. Nusu saa pale na akili imepumzika.

Nusu saa, nimesema. Maana namrudia yule mdogo wangu anayekesha. Mwenzangu, unachokitazama saa saba za usiku ni dakika mbili za mtu aliyesafiri wiki tatu. Hukuonyeshwa tumbo lilivyomsokota, wala deni alilorudi nalo, wala kwamba huenda ile ni kazi yake anayolipwa kwayo. Ukimfananisha yeye na wewe uliyetoka kazini na daladala, umejidhulumu. Sikukatazi kumtazama. Nataka uulize moyo wako baada ya kufunga simu: nimepata hamu au nimepata uchungu? Ukurasa unaokuachia hamu, unaokufanya uanze kuweka akiba kidogo kidogo, ubaki nao. Unaokuachia uchungu, unaokufanya umkasirikie mume wako au wazazi wako kwa kile wasichoweza, acha kuufuata leo usiku. Na usikope hela ya riba ili upige picha. Haba na haba hujaza kibaba. Bahari ya Nungwi haihami.

Kwenu mabinti mnaosafiri peke yenu nina neno la pembeni. Someni wanawake waliosafiri peke yao, maana mwanaume akiandika "mtaa ni salama" alipita akiwa mwanaume. Angalieni mwanamke kasema nini kuhusu kufika usiku, kufuli la mlango, dereva wa bodaboda aliyetumwa na mwenye gesti. Pangeni kufika kungali mchana. Picha ya mahali ulipo iweke ukishaondoka, usiiweke ukiwa bado umelala hapo. Na mtu mmoja nyumbani, mama au dada au rafiki, awe na jina la gesti na namba ya basi. Huu si woga. Mama yako anatakiwa alale usingizi.

Kitu cha mwisho ninachowaomba ni kikubwa kuliko yote. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunahangaika na kurasa za wengine kwa sababu za kwetu ni chache, na tulikuwa na mwanzo mzuri. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331, hakuandika "pepo ya duniani" akaishia hapo. Kule Mogadishu alieleza wali uliopikwa kwa samli na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa alieleza namna watu wanavyoosha miguu mlangoni pa msikiti kwa maji ya kisima. Ndiyo maana tunamsoma mpaka leo: alitaja vitu. Na mwaka 1896 Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia, akaielezea safari hiyo kwa Kiswahili. Imo katika kitabu Safari za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Mswahili kaeleza baridi ya Siberia kwa lugha yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sisi wenye simu mkononi tunashindwa kuandika nauli ya Mombo?

Kwa hiyo ukirudi safarini, mdogo wangu, usiishie kuweka picha na moyo mwekundu. Andika kwa Kiswahili tarehe uliyokwenda, nauli uliyolipa, stendi uliyoshukia, gesti uliyolala na bei yake, na kile kilichokukera. Hasa kilichokukera. Usikifiche kwa kuona aibu kwamba safari yako haikuwa kamilifu, maana hicho ndicho kitakachomwokoa mwenzako aliyejinyima mwaka mzima kwa ajili ya siku tatu. Aya tano zinatosha. Weka popote unapoandika, niletee na mimi nisome. Nitaangalia tarehe kwanza, halafu nitatafuta kero. Nikizikuta zote mbili, nitajua mdogo wangu amekwenda kweli, na nitawaelekeza wenzako kwako.